Hofu ya Mwimbaji Mbele ya Watu

Soma: 1 Mambo ya Nyakati 25:1–8, Kutoka 4:10–16, 1 Wakorintho 2:1–5.



Leo twataka kunena habari ya jambo ambalo waimbaji wengi walijua, lakini wachache hulitaja. Nalo ni ile hofu imshikayo mtu asimamapo mbele ya watu ili aimbe au apige chombo. Nyumbani aliimba vema, na katika mazoezi hakukosea. Lakini siku ya ibada, macho ya watu yakimwelekea, moyo humwenda mbio, magoti hulegea, kinywa hukauka, na maneno aliyoyajua tangu juzi humtoka kama maji yaliyotiwa katika pakacha. Akiisha hushuka hali ameinamisha kichwa, na Jumapili ifuatayo haonekani. Wako wasemao kwamba amepoa katika imani. Wako wanong'onao kwamba amefungwa sauti na mwenye kijicho. Hivyo usharika hupoteza sauti moja, na pengine hupoteza roho ya mtu. Kwa sababu hiyo haifai tulinyamazie jambo hili.

Kwanza na tuyatazame Maandiko. Kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati chatueleza jinsi Daudi alivyowatenga wana wa Asafu, na wa Hemani, na wa Yeduthuni, kwa kazi ya uimbaji pamoja na vinubi, vinanda na matoazi. Hesabu ya waliofundishwa kumwimbia Bwana ilikuwa watu 288. Tena zamu zao zilipangwa kwa kura, mdogo kama mkubwa, mwalimu kama mwanafunzi. Angalieni neno hili, ndugu zangu. Mwanafunzi naye alikuwa na zamu yake. Hakuambiwa angoje mpaka awe kama Asafu. Je, twadhani kwamba katika watu 288 hapakuwa na hata mmoja ambaye mkono wake ulitetemeka juu ya nyuzi?

Musa alipoitwa alijitetea kwamba ulimi wake ni mzito. Bwana hakumwondolea kazi, wala hakumgeuza ghafula kuwa msemaji hodari. Alimpa ndugu yake Haruni asimame pamoja naye. Paulo naye awakumbusha Wakorintho kwamba alipofika kwao alikuwa dhaifu, mwenye hofu, akitetemeka sana. Na katika waraka wake wa pili twaona kwamba wako waliomdharau kwa ajili ya usemi wake. Basi ikiwa Mtume mwenyewe alitetemeka, twawezaje kumwambia binti wa miaka 15 kwamba kutetemeka kwake ni upungufu wa imani?

Pili, yatupasa kujua jinsi Mungu alivyouumba mwili. Hofu hii huanza kichwani, lakini haikai huko. Ubongo ukidhani kwamba kuna hatari, hupeleka habari upesi kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Tezi hizo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Mwaka wa 1915 mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Walter Cannon, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba kwa njia hiyo mwili hujiweka tayari kupigana au kukimbia. Mkulima wa Ruangwa akimkuta nyoka katika shamba la ufuta, jambo lilo hilo humpata. Moyo hupiga kwa nguvu ili damu ifike upesi katika mikono na miguu. Pumzi huwa fupi na za haraka. Jasho hutoka ili mwili usipate joto mno. Damu hupungua katika ngozi na katika tumbo. Ndiyo maana vidole huwa baridi na matumbo huvurugika. Mate nayo hupungua kinywani.

Kwa mtu amkimbiaye nyoka, haya yote ni msaada mkubwa. Lakini mwimbaji hakimbii. Nguvu iliyokusudiwa miguu yamkuta amesimama mahali pamoja, ameshika kitabu. Pumzi fupi za kifuani hazitoshi mstari mrefu wa wimbo. Misuli ya koo hukaza, na sauti hupanda juu kuliko ilivyoanzishwa, au hutikisika kama jani. Apigaye tarumbeta aona midomo yake imekauka, wala haishiki chombo vizuri. Apigaye kinanda aona vidole vyake vimekuwa vizito kama vya mtu mwingine. Basi, ndugu, kutetemeka huku si uchawi, wala si ishara kwamba Mungu amemkataa mtu. Ni mwili wenye afya ufanyao kazi yake mahali isipohitajiwa. Tena hofu kidogo yafaa, maana humwamsha mtu. Asiye na mshituko wo wote huimba kama aliyesinzia.

Akili nayo ina mambo yake. Kazi tuliyoizoea huenda yenyewe bila kutazamwa. Mama atwangaye mtama hazungumzi na mkono wake. Huzungumza na jirani yake, na mchi hushuka katikati ya kinu. Lakini akianza kujiuliza mkono uinuke vipi na ushuke vipi, atapiga ukingo. Ndivyo ilivyo kwa mwimbaji. Hofu humgeuza ajitazame mwenyewe. Badala ya kulifuata neno lijalo, huisikiliza sauti yake na kuihukumu. Hukumbuka kosa la ubeti uliopita. Huzisoma nyuso za watu. Hapo ndipo maneno hupotea. Wala hayakufutika, maana akiisha kushuka na kutulia huyakumbuka yote.

Katika nchi yetu hii jambo hili laonekana wazi. Katika ngoma za Wamwera na Wamakonde mmoja huanzisha, na waliopo humwitikia na kupiga makofi. Sauti yake haiachwi peke yake. Na yule achezaye katika kinyago cha Kimakonde, kichwa na uso wake vimefunikwa, wala watu hawaambiwi ni nani. Akikosea, kosa ni la kinyago. Bali mwimbaji wa kanisa husimama na uso ulio wazi mbele ya shangazi zake na wajomba zake na jirani zake wote, na siku hizi kipaza sauti hupeleka hata kikohozi chake mpaka barabarani. Tena sisi Walutheri tu wachache huku kusini. Waanglikana walikuja Masasi mwaka wa 1876, Wabenediktini walianza kazi Ndanda mwaka wa 1906, na wengi wa majirani zetu ni Waislamu. Kwa hiyo kwaya yetu ikiimba mazikoni, mwimbaji hujiona amebeba jina la kanisa zima begani pake. Mzigo huo si wake. Jina la Kanisa limebebwa na Kristo, wala halianguki kwa sababu ya sauti moja iliyokatika.

Wala msidhani kwamba hofu hii ni ya wanaojifunza tu. Chopin, mtungaji na mpigaji wa piano mzaliwa wa Poland, aliyefariki mwaka wa 1849, hakupenda kupiga mbele ya makutano; alipendelea chumba chenye rafiki wachache. Pablo Casals wa Uhispania, aliyesifiwa duniani pote kwa kupiga selo, yaani ile fidla kubwa ishikwayo kati ya magoti, alikiri kwamba hofu hii haikumwacha maisha yake yote. Mwaka wa 1901 jiwe lilimwumiza mkono mlimani huko California, na wazo lake la kwanza lilikuwa shukrani, kwamba sasa hatalazimika kupiga tena. Lakini mkono ukapona, naye akaendelea na kazi kwa miaka mingi, mpaka uzee mkuu. Na mwaka wa 1987 wapigaji 2,212 wa okestra kubwa za Marekani walipoulizwa, karibu robo yao walisema kwamba hofu hii ni shida kwao. Hao ni watu ambao kupiga vyombo ndiyo kazi yao ya kila siku.

Sasa tuseme juu ya dawa za uongo, maana ziko karibu nasi. Msimu wa mabibo ufikapo, uraka hupatikana kwa urahisi, na wako vijana wanaoonja kidogo kabla ya kuimba, wakisema kwamba waondoa aibu. Pombe hulegeza hofu, ni kweli. Lakini hulegeza na sikio, na kumbukumbu, na ulimi pia. Mwimbaji aliyekunywa hajui kwamba ameiacha sauti iliyoanzishwa, ila wasikiao wajua. Na leo akinywa kikombe kimoja ili aweze kuimba, kesho ataona hawezi kuimba bila kikombe. Wengine hutafuta hirizi ya sauti kwa mganga. Hao hulipa fedha ili waogope vitu viwili badala ya kimoja. Tena ziko dawa za hospitali zipunguzazo mbio za moyo. Katika ulizo lile la mwaka wa 1987 zaidi ya robo walisema wamewahi kuzitumia. Dawa hizo zina kazi yake njema mkononi mwa daktari, lakini zaweza kumdhuru vibaya mtu mwenye pumu. Haifai hata kidogo watu kugawiana vidonge nyuma ya kanisa.

Msaada wa kweli uko wapi, basi? Wa kwanza ni kujizoeza kwa utaratibu. Wazee wa Nachingwea wajua habari ya karanga. Mwaka wa 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3, na Nachingwea ilikuwa mahali pamojawapo. Matrekta yakaletwa, misitu ikang'olewa, reli ikaanza kujengwa kutoka pwani. Lakini hawakujaribu kwanza katika shamba dogo wapate kuijua ardhi na mvua. Mwaka wa 1951 mpango ukaachwa, na fedha nyingi zilikuwa zimepotea. Mwimbaji ambaye kusimama kwake kwa mara ya kwanza ni siku ya sikukuu kubwa, au siku ya mashindano ya kwaya mbele ya waamuzi, hufanya kama watu wa karanga. Na alime kwanza shamba dogo. Aimbe mbele ya watu wa nyumbani mwake; kisha mbele ya kwaya, akisimama peke yake; kisha katika sala ya jioni penye watu kumi; ndipo asimame mbele ya usharika. Nanyi waalimu wa kwaya, msimsimamishe mtu ghafula ili kumpima. Mzoezeni kuanza wimbo katika ubeti wo wote, ili akipotea aijue njia ya kurudi.

Msaada wa pili ni pumzi. Kabla ya kusimama, vuta pumzi pole pole hata tumbo lijae, kisha itoe pole pole zaidi, kama mtu apulizaye makaa asitake majivu yaruke. Fanya hivyo mara tano au sita. Pumzi ndefu huuambia mwili kwamba hapana nyoka hapa, na moyo huanza kupunguza mwendo. Onja maji kidogo. Legeza mabega. Kosa likitokea, usilifuate nyuma. Fuata neno lijalo. Wahenga walisema: Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Msaada wa tatu ni mwenzi. Musa alipewa Haruni. Kwa nini basi sisi tumwache mgeni aanzishe peke yake? Na waanzishe wawili mpaka mmoja apate nguvu.

Lakini haya yote hayatoshi, ndugu zangu, kama hatujajibu swali hili: Mwimbaji asimama mbele ya nani? Martin Luther alikuwa mwimbaji, tena mpigaji wa kinanda cha nyuzi. Tarehe 2 Mei mwaka wa 1507, huko Erfurt, alisoma misa yake ya kwanza, na baba yake alikuwapo. Alisimulia baadaye kwamba alipofika katika maneno ya kumwendea Mungu mkuu alishikwa na hofu kubwa, hata akataka kukimbia madhabahuni. Wakati ule alimjua Mungu kama hakimu tu, naye hakuwa na mahali pa kusimama. Mwaka wa 1521 aliitwa Worms mbele ya Kaisari Karl wa 5 na wakuu wa dola. Tarehe 17 Aprili alijibu kwa sauti ndogo, hata waliokuwapo wakamdhania ameogopa, naye akaomba nafasi ya kufikiri. Akapewa siku moja. Kesho yake alisimama tena penye watu wengi zaidi, akajibu kwa sauti iliyosikiwa na wote. Je, kati ya Erfurt na Worms alikuwa amepata koo jipya? La. Alikuwa amejua kwamba Mungu amempokea bure kwa ajili ya Kristo, wala hakimu mwingine hawezi kuitangua hukumu hiyo. Na hata hivyo alihitaji siku moja ya kutulia. Tusimnyime mwimbaji wetu siku hiyo.

Hapa ndipo penye Injili kwa waimbaji. Ukidhani kwamba kwa wimbo wako utajipatia kibali, mbele za Mungu au mbele ya watu, lazima utaogopa, maana kila kosa litakuwa deni. Bali kibali umekwisha kupewa, siku ya ubatizo wako, kabla hujaweza kuimba hata sauti moja. Unaimba kama mtoto aliye nyumbani kwa baba yake. Mwili wako waweza kutetemeka hata hivyo, uache utetemeke. Nawe peleka macho yako katika maneno ya wimbo, ukamfikirie mjane aliyeketi safu ya nyuma, ambaye amekuja leo akihitaji neno hilo. Mtu anayepeleka maji kwa mwenye kiu hana nafasi ya kuutazama mwendo wake.

Mwisho, nina neno kwa ninyi mketio na kusikiliza. Hofu ya mwimbaji hulishwa na kicheko chetu. Twamcheka aliyekosa, twamwigiza njiani tukirudi, twampa jina la mzaha, na siku hizi wengine hunasa kosa lake katika simu na kulisambaza kijiji kizima. Halafu twauliza kwa nini vijana hawaji kwenye kwaya. Ndugu, mwili wa mwimbaji hujiandaa kana kwamba amemwona nyoka. Tusiwe sisi nyoka huyo.

Mwaka wa 1524, katika mwanzo wa matengenezo ya Kanisa, kilipigwa chapa kitabu kidogo chenye nyimbo 8 tu, na 4 kati ya hizo zilikuwa za Luther. Kutoka mwanzo mdogo huo wimbo ulirudishwa kinywani mwa usharika wote. Wimbo si mali ya kwaya, wala si mali ya yule mmoja aliyeuanzisha. Kwa hiyo nawaomba mfanye desturi hii katika kila mtaa, kutoka Ruangwa mpaka Nachingwea: mwimbaji akikwama, mtu asigeuke kumtazama, wala asigune. Mzee wa kanisa aliye karibu na aushike wimbo pale ulipokatika, na usharika wote uitikie, mpaka mwenzetu apate pumzi na kuingia tena katikati yetu. Na ibada ikiisha, wa kwanza kumpa mkono awe mchungaji au mwalimu, amwambie siku ya zamu yake ijayo. Asiambiwe kwamba hakukosea, maana ajua kwamba alikosea. Aambiwe kwamba angojewa.

Bwana, uliyeumba moyo upigao na koo liimbalo, uwatulize watumishi wako waogopao, na utuponye sisi tuwaogopeshao, ili sifa yako isikatike kati yetu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.